Njia ya Kumi na Moja, na Kaisari wa Siku Themanini na Saba

Mmeniomba niandike kitu cha kubandika kwenye ubao wa chumba cha chai, kwa kuwa naondoka. "Ushauri kidogo kwa wapya, Mama Neema." Haya, nimeandika. Kimekuwa kirefu kuliko ubao. Bandikeni ukutani, au mkitaka fungieni maandazi, lakini someni kwanza.

Nimestaafu nina miaka thelathini na miwili. Msicheke. Mgongo ndio uliostaafu, mimi nimeufuata tu. Habari za mshahara na nani alipanda cheo sitaandika. Mwenye hamu nazo apande ngazi za ofisi, agonge, asubiri. Nitaandika kazi. Na nitaandika juu ya mtu mmoja tuliyemtoa hapa, maana wengi wenu mmekuja juzi na mnasimuliwa vibaya habari zake, na aliyeanza kuzisimulia vibaya ni mimi.

Siku yangu ya kwanza hapa Smithfield, Sydney, nilivaa viatu vya kuazima, saizi mbili zaidi, na soksi tatu. Nilipewa skana ya kufunga mkononi na vesti ya rangi ya chungwa yenye jasho la mtu mwingine. Kijana mmoja wa ofisi alinieleza kazi yote kwa dakika tano. Nikajibu "yes" kama mara kumi. Alipoondoka, mama mmoja mfupi, mnene, akasukuma jeki yake ya kuvutia paleti za mizigo hadi karibu na miguu yangu.

"Weye, umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

Nikaitazama skana yangu.

"Basi njoo. Wa kusema yes hapa anavunjikaka vidole."

Huyo ndiye Yaya Zawadi, yaani Dada Mkubwa Zawadi, wa Uvira, kwetu Kongo, na yote ninayoyajua ya ghala hili alinipa yeye. Kizito chini, chepesi juu, cha kuvunjika katikati. Plastiki ya kufungia paleti unaanzia chini, unazunguka kinyumenyume, na kila raundi tatu unageuza upande, la sivyo utaona nyota mchana. Kisu kikate kuelekea mbali na tumbo. Pete iache nyumbani. Ukiinua, inua kwa magoti. Hilo la mwisho nililishika kuliko yote, na mnaona lilivyonisaidia.

Kingine alichonifundisha hakimo kwenye kitabu cha usalama. Ghala lina njia kumi na mbili, na njia hazilingani. Njia ya nne ni tishu, chipsi na pampasi. Mtoto wa shule anaweza kuifanya. Njia ya kumi na moja ni mchele, klorini ya mabwawa ya kuogelea, na chakula cha mbwa cha mifuko ya kilo ishirini. Mbwa wa nchi hii wanakula, jamani. Nani anapangwa njia gani, hilo lilikuwa la shefu, msimamizi wa zamu, na shefu wa wakati ule alipanga kwa moyo wake. Aliyemchekea alipata ya nne. Aliyemletea sambusa alipata ya nne. Mwenyewe alikuwa mtu wa misuli, anapenda kuinua mifuko miwili kwa mkono mmoja mbele ya wasichana, na kushindana foklifti na vijana wa mlangoni. Mlangoni kule kwenye malori aliweka friji yake na spika kubwa kama jeneza. Sisi kundi la chakula cha saa nne tulikuwa watu wake. Yaya Zawadi alinipeleka kwake nikiwa nimerudi kazini baada ya kupasuliwa kumzaa mtoto wangu wa pili, akamwambia, "Huyu tumbo lake bado." Nikapewa ya nne, nikakaa ya nne. Sikuuliza nani alikuwa anabeba mbwa kwa niaba yangu.

Ikaja ile lokdauni ndefu ya korona, ya 2021. Mnaikumbuka. Helikopta juu ya nyumba zetu, polisi barabarani, pua zikichokonolewa kila baada ya siku tatu ili turuhusiwe kutoka kwenda kupakia tishu za watu waliokaa nyumbani. Shefu wa misuli hakuja Jumatatu moja. Wakasema ofisi imemwondoa, watu wake mwenyewe wa karibu walimchongea. Friji ilibaki inanguruma.

Wakamteua Mwalimu.

Jina lake Barnaba, lakini sote tulimwita Mwalimu kwa sababu kwao Fizi alifundisha sarufi ya Kifaransa miaka mingi kabla ya kukimbia. Alikuwa na umri wa baba zetu. Alikuwa amebeba njia ya kumi na moja miaka sita bila kusema neno. Walipomwita juu, Yaya Zawadi anasema alidhani anafukuzwa. Alichukua kabisa na mfuko wake wa chakula.

Wiki ile ile, nyumbani, binti yangu Neema, miaka kumi na miwili, alipewa kazi ya shule kupitia kompyuta. Kila mtoto achague kaisari mmoja wa Roma. Intaneti yetu ilikuwa inakatika. Ilipofika zamu yake wale wenye majina walikuwa wamechukuliwa.

"Nimebakiziwa mmoja anaitwa Pertinax," akasema. Mimi namwongelesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza; hapa namwandika kama vile angeongea lugha ya mama yake. "Alitawala siku themanini na saba tu. Si haki, Mama. Nitajaza vipi kurasa tano?"

"Jaza na maisha yake."

Kaisari niliyemjua mimi ni yule wa kwenye Injili, wa kodi. Kesho yake nikamuuliza Mwalimu, kwa sababu nyumbani kwangu hakuna wa kuulizwa. Aliacha kalamu yake, akacheka mpaka barakoa ikashuka.

"Pertinax! Huyo ni wa kwetu, Mama Neema. Baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, akauza sufu. Mwana akafanywa mwalimu. Wa nini? Wa sarufi! Akaona ualimu haulishi, akaingia jeshini akiwa mtu mzima. Mwambie Neema aanzie hapo."

Tukaanzia hapo. Mchana nikitoka kazini naoga, nabeba mtoto mgongoni, nakaa na Neema kwenye meza ya jikoni, yeye anasoma kwenye skrini, mimi namenya viazi. Nilianza kumpenda yule mzee wa Roma. Huko Siria, bado mgeni jeshini, alitumia farasi wa serikali bila kibali, gavana akamwadhibu atembee kwa miguu mpaka kituo chake cha kazi. Nikamwambia Neema, mimi pia nimetembea kutoka nyumbani Granville hadi Smithfield siku basi lilipogoma, na sikuwa nimeiba farasi. Uingereza askari wake mwenyewe waliasi, wakampiga, wakamwacha katikati ya maiti wakidhani amekwisha. Akaamka, akaendelea na kazi. Akafika Roma, akawa mkuu wa mji. Kaisari wa wakati ule, Commodus, alikuwa kijana wa misuli anayeingia uwanjani kupigana mbele ya watu kama mchezaji wa mieleka. Watu wake wa ndani wakamuua mwisho wa mwaka. Walipokwenda kwa Pertinax usiku kumwambia wewe ndiye sasa, alidhani wamekuja kumchinja. Alikuwa na miaka sitini na sita.

"Kama Mwalimu na mfuko wake wa chakula," nikasema.

"Nani?"

"Andika."

Mwalimu naye alitawala. Siku ya kwanza friji ikaenda, spika ikaenda. Siku ya pili akabandika orodha: kila mtu atazunguka njia zote kumi na mbili, jina kwa jina, bila kubagua, yeye mwenyewe akiwa ameandikwa wa kwanza kwenye ya kumi na moja. Siku ya tatu akaingia chumba cha chai na mkanda wa njano, akaweka alama viti, mtu mmoja kila meza, na akasema maneno haya: "Sahani moja imekwisha. Kila mtu chakula chake, chombo chake, uso wake upande wake."

Ninyi wa juzi hamjui sahani ya saa nne. Ilikuwa sinia la bati. Ugali wa muhogo katikati, sombe, yaani kisamvu, pembeni, samaki wakubwa wawili, mikono minane. Tulinawa, tukaomba, tukala. Hiyo ndiyo ilikuwa nchi yetu, robo saa kwa siku. Mtu aliyekuja mpya akitia mkono wake kwenye sinia, tulijua amekuwa wetu. Na kwetu mtu akikataa sahani amesema, hata kama hajafungua mdomo. Amesema: mnaniroga. Amesema: humo kuna sumu.

Mwalimu hakutaka hata kuonja. Alikaa kona, uso ukutani, akala parachichi nusu alilolifunga kwenye plastiki, na mkate. Nusu ile nyingine aliila kesho yake. Niliporudi nyumbani Neema akanisomea kwamba Pertinax, kabla hajatawala, alikuwa anawawekea wageni mezani nusu ya saladi, na watu wakamcheka mji mzima. Nusura nijikojolee kwa kucheka. Kesho yake nikawasimulia wenzangu, na tangu hapo Mwalimu akawa Nusu Parachichi. Jina hilo nililileta mimi. Liandikeni pia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wanapodanganya. Wanasema tulimchukia kwa ajili ya chakula. Uongo. Tulimchukia kwa ajili ya orodha. Chakula kilikuwa na heshima ya kutajwa, orodha haikuwa nayo. Nani angesimama aseme, nataka dada mwingine abebe mifuko yangu?

Mimi orodha ilinipa kumi na moja siku mbili kwa wiki, maana njia hiyo inataka watu wengi kuliko zote. Wiki ya kwanza mshono ulikuwa unavuta kama mtu kashika uzi. Nikamfuata.

"Mwalimu, mimi nilipasuliwa. Nirudishe ya nne."

"Najua, binti yangu. Niletee barua ya daktari, nitakutoa hapo leo hii."

"Barua ya nini? Si unaniona?"

"Nakuona. Yule wa kabla yangu pia alikuona. Nikikutoa kwa macho, kesho nitamtoa Kevo kwa macho, na kesho kutwa nani atabaki kwenye mbwa? Leta karatasi, Mama Neema. Karatasi inakulinda hata nikiondoka mimi."

Alikuwa na haki, kila neno. Lakini sisi tulikuwa watu wa ajensi: simu ikilia una kazi, isipolia huna. Niliona ajensi ikisikia tu neno daktari simu yangu itakufa. Sikupeleka karatasi. Nikapeleka chuki badala yake, hiyo haihitaji mhuri.

Huyo Kevo alikuwa dereva wa foklifti na bwana wa mlangoni, Mkenya, mdomo mtamu. Alikuwa amepoteza friji. Alianza kupita njia kwa njia. "Wasee, huyu buda, huyu mzee, anatubeba kama wanafunzi. Mkinipa mimi hiyo kiti, wote mko njia ya nne." Wote. Watu arobaini kwenye njia ya nne. Na sisi watu wazima, tuliohesabu wakimbizi wenzetu kwenye foleni za maji, hatukufanya hesabu hiyo ndogo. Malalamiko yakapanda ofisini, moja baada ya jingine, bila jina.

Ikafika asubuhi meneja wa juu akasema atashuka mlangoni saa tatu kusikiliza wafanyakazi. Yaya Zawadi alimfuata Mwalimu mapema. Nilikuwa karibu, nafunga paleti.

"Mwalimu, nenda nyumbani. Sema kichwa kinauma. Na korona hii, nani atakubishia? Jumatatu watakuwa wamepoa."

"Kichwa hakiumi, Zawadi."

"Mungu wangu. Hata kidogo?"

"Nikienda nyumbani nitakuwa nimekubali. Nitaongea nao. Ni watoto wangu, si majambazi."

Akatoka mlangoni peke yake. Tulikuwa kama thelathini, tumesimama na barakoa zetu, kila mtu hatua moja na nusu kutoka kwa mwenzake, kwenye alama alizotupigia yeye mwenyewe. Meneja yuko pembeni na daftari. Mwalimu akavua miwani, akaongea kwanza Kiswahili, kisha Kiingereza chake cha taratibu. Akasema orodha ni ngumu, anajua, magoti yake yenyewe yanajua. Akasema sahani itarudi siku ugonjwa ukiondoka, na siku hiyo samaki ataleta yeye. Akataja watu: wewe mamako mgonjwa, wewe una pumu, wewe mtoto wako ana miezi minane. Huyo wa miezi minane alikuwa wangu.

Watu wakaangalia chini. Kevo akavua kofia yake ngumu, akaishika kama mtu aliye kanisani. Ningewaambia iliisha hapo, na ilikuwa imeisha. Meneja akafunga daftari. Akauliza tu, kwa kumaliza, "Basi, kuna yeyote mwenye neno?"

Nilikuwa njia ya kumi na moja siku ile. Nilikuwa nimeinua mifuko tangu saa kumi na mbili. Nikasema, kwa Kiingereza, kwa sauti:

"Anasema chakula chetu kina sumu. Anasema sisi wanawake wa Kongo ni warozi, ni wachawi."

Hakuwahi kusema. Kati yetu sisi, kwa namna ya kwetu, ukikataa sahani umesema, na kila Mkongomani pale alielewa ninachomaanisha na kwamba si maneno ya mdomo wake. Lakini nilijua ninaongea mbele ya nani. Kwenye daftari la meneja hakuna namna ya kwetu. Kwenye daftari kiongozi amewatukana wafanyakazi kwa asili yao. Meneja akafungua tena, akaandika, akaniuliza jina, nikampa. Halafu, kwa vile mmoja ameanza, wakaanza wote. Ndiyo, alisema. Mimi pia nilisikia.

Mwalimu aliniangalia mimi tu. Akavua vesti, akaikunja mara mbili, kingo kwa kingo, akaiweka juu ya paleti. Akapandisha barakoa mpaka ikakaribia macho. "Haya, Mama Neema," akasema, akapita katikati yetu, akatoka.

Mchana ule Neema alikuwa amemaliza ukurasa wa tano, akataka nisikilize. Walinzi wa ikulu, mia mbili au mia tatu, waliingia na mapanga. Pertinax alishauriwa akimbie, akakataa, akatoka peke yake kuongea nao. Akaongea vizuri. Wakaanza kuona haya, wakatazama chini, mapanga yakaanza kurudi alani. Ndipo mmoja, jina lake Tausius, akaruka akapiga wa kwanza. Kaisari akajifunika uso na joho lake. Halafu wakapiga wote.

Viazi vilikuwa vinaungua. Sikuvitoa.

"Mama? Ni vizuri?"

"Ni vizuri. Huyo Tausius, alifanywa nini baadaye?"

Akapekua skrini, akapekua tena. "Haijaandikwa. Anapiga, halafu hayupo tena. Lakini ngoja, hii ni ya ajabu: baada ya hapo walinzi waliunadi ufalme wote, kwa mtu anayeahidi zaidi. Yule aliyeununua alikaa siku sitini na sita."

Kevo, aliyepewa kiti cha Mwalimu, alikaa karibu hivyo hivyo. Kabla hawajamwondoa, alitufanyia sherehe siku yake ya kwanza: sinia likarudi, samaki watatu, nadhani mikono ishirini. Mkanda wa njano tuliung'oa kwa kucheka. Wiki iliyofuata nusu yetu tulikuwa kitandani. Mimi nilikohoa nikapona. Yaya Zawadi alilazwa, akawekewa oksijeni, siku nyingi. Mnamwona leo pale kwenye meza ya lebo, anakaa, hapandi ngazi, anapumzika akivuka chumba. Mnadhani ni uzee. Ana miaka arobaini na tisa.

Na njia ya nne? Watu arobaini hawaenei. Kevo alipopunguza watu huko, alianza na wale wasiokuwa na karatasi wala kelele. Nilipata kumi na moja siku zote tano. Walipomwondoa yeye, waliokuja hawakubadilisha kitu. Nimebeba mbwa wa Sydney miaka miwili, mpaka asubuhi moja nikainama na sikuinuka. Daktari aliandika barua. Barua ile ile, imechelewa.

Mwezi uliopita nilimkuta Mwalimu Granville, dukani, anaminya maparachichi. Nimefikiria miaka miwili nitamwambia nini nikimwona. Alinisalimia yeye kwanza.

"Mama Neema. Mgongo?"

Watu walishamwambia. "Mbaya, Mwalimu."

"Pole sana. Na Neema? Yule kaisari wake, alipata maksi nzuri?"

"Nzuri sana."

"Aliandika namna alivyokufa?"

"Aliandika."

"Vizuri," akasema. Akalipa parachichi moja, akaliweka mfukoni, akaniaga kwa heshima zote. Nilisimama pale na kitunguu mkononi, mdomo ule ule uliokuwa mwepesi mlangoni haukufunguka.

Kwa hiyo naandika, na nakala moja naipandisha ofisini mwenyewe, ngazi zote, na mgongo huu. Mwalimu Barnaba hakusema chakula chetu kina sumu. Hakusema sisi ni warozi. Nilisema mimi. Waliosema kwamba walimsikia, hawakumsikia. Wanajijua, na wengine bado wanakunywa chai chini ya karatasi hii.

Mlitaka ushauri. Inueni kwa magoti, mdai orodha, mpeleke barua ya daktari siku ya kwanza.

Na Neema akiniuliza tena kuhusu yule askari, nitamwambia aongeze mstari, hata kama mwalimu wake hataukubali. Tausius aliamka kesho yake alfajiri, akaenda kazini. Walimpa njia ya kumi na moja.